Majani Manane ya Kitunguu Saumu

Sogea, wewe wa rika langu, wewe ambaye siku hizi ukichuchumaa bustanini magoti yanatangulia kulalamika. Nataka kukueleza jambo dogo, na nitalieleza polepole, kwa hiyo usiogope kama hujawahi kupanda hata punje moja. Ni namna ya kujua siku ya kuvuna kitunguu saumu ulichokipanda mwenyewe. Si gumu. Mtoto wa darasa la tatu analiweza. Nina uhakika kwa sababu nilikuwa mtoto wa darasa la tatu na nililiweza, mpaka siku nilipoamua kuwa mjinga.

Juzi nilikuwa sokoni Tukuyu. Nikaokota kitunguu saumu kutoka kwenye fungu la kijana mmoja, kikaniachia punje tatu mkononi kabla sijakibonyeza. Maganda yalikuwa yameachana na punje kama soli ya kiatu kibovu.

"Mbona kimefunguka hivi?" nikamuuliza.

"Hicho kimeiva, dada. Kimeiva mpaka kimechanua!"

Nikakinusa. Kilikuwa na harufu ya gunia lililolowa, na chini ya hiyo harufu, ule ukali wenyewe, umechoka. Nikakirudisha mezani. Kuna ujinga unaojibiwa, na kuna ujinga unaorudishwa pamoja na bidhaa yake. Lakini ile harufu nilishuka nayo mpaka nyumbani Ibighi, na haikuwa ya sokoni tena. Ilikuwa ya Lufingo, mbele ya baraza ya babu yangu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa msimamizi wa wachuma chai kabla mguu haujamrudisha nyumbani. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusimama mahali pa juu akiwatazama wengine wakiinama, na kwa kutazama huko alifikia uamuzi kwamba kazi zote anazijua. Alirudi na koti la khaki, filimbi, na tabia ya kusema jambo moja mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa, kana kwamba kurudia ni ushahidi. Alikaa barazani tangu alfajiri mpaka jua linazama. Alijua kwa nini ndizi za jirani zimeanguka, kwa nini ng'ombe wa mchungaji hatoi maziwa, na kwa nini serikali inakosea. Mikononi hakuwa na sugu hata moja. Nilimpenda sana. Nakuambia hilo mapema usije ukadhani nilikuwa na akili.

Sasa nikueleze desturi yetu moja, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto humwogopa baba mkwe wake. Simaanishi kumheshimu tu. Hamtazami, hasemi naye, hakai naye chini ya paa moja, na wakikutana njiani mwanamke huacha njia na kugeukia migombani mpaka mzee apite. Naye mzee hufanya vivyo hivyo: akimwona mkwewe anageuka, anaondoka. Siku hizi wengi wameacha, na hata wakati ule wapo waliokuwa wameacha. Nyumbani kwetu haikuachwa. Baba alikuwa utingo wa lori la Tunduma, akija mara moja kwa mwezi. Bibi mzaa baba alikwishafariki. Kwa hiyo mama alipika jikoni kwake nyuma ya migomba, mimi nikapeleka sahani barazani, na neno lolote kati ya mama na babu lilipita mdomoni mwangu.

Mwaka huo mama alifiwa na mama yake, kule Masukulu. Alirudi kutoka msibani na kifurushi kimefungwa kwenye ncha ya kanga. Nilidhani ni sukari. Vilikuwa vitunguu saumu, vidogo, vya rangi ya zambarau, vikali kiasi kwamba ukitafuna punje moja machozi yanakutoka. Bibi alivipanda maisha yake yote, kila mwaka akitoa mbegu kwenye mavuno yake mwenyewe, naye alivipata kwa mama yake. Mashamba ya bibi yaligawanywa kwa wajomba, kama ilivyo kawaida. Mama alipata kile kifurushi. Hakuna mwingine aliyekitaka.

Babu wakati huo alikuwa Kyela kwa binti yake, anatibiwa mguu. Mama akaitumia nafasi hiyo. Kitunguu saumu hakipendi maji yanayotuama, na wewe unayepajua Rungwe unajua kwamba hata kiangazi chetu kina mvua yake. Nyuma, jikoni kwake, kulikuwa na kivuli cha migomba na udongo unaoshika maji kama sponji. Mahali pekee penye jua na mteremko palikuwa mbele ya nyumba ya babu. Masika yalipoanza kuchoka, akainua matuta matatu pale, akazipanda punje zote za bibi, ncha juu, kitako chini. Hakubakiza hata moja ya kuungia maharage.

Miche ilipofika shibiri moja, babu akarudi.

Tangu asubuhi hiyo mama hakuweza kuyasogelea matuta yake. Babu alikuwa barazani hatua kumi kutoka pale, na mguu wake ulimfunga hapo siku nzima, hata kanisani haendi; wazee wa kanisa ndio walimfuata. Utasema, si angekwenda usiku? Fikiri kidogo. Mwanamke anayenyata gizani mbele ya nyumba ya mkwe wake, huku kwetu, ana jina lake, na akishapewa hilo jina halimtoki.

Babu aliyatazama yale matuta siku nzima ya kwanza. Siku ya pili akatangaza.

"Hivi fitunguu nitafifuna mimi," akasema. Kiswahili chake kilitembea na Kinyakyusa mkono kwa mkono. "Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi. Cha ardhini ninakijua."

Nilipompelekea mama habari hiyo aliacha kupepeta. "Amesema atavuna lini?"

"Majani yakifa yote. Kama viazi."

Mama akafunga macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba akaamua kutopiga kelele.

Hapa ndipo kosa lilipo, na ni kosa la kwetu hasa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Sisi ni watu wa viazi. Kiazi mviringo unakiacha majani yakauke kabisa, yaanguke, hata uyasahau, nacho huko chini kinazidi kukomaza ngozi. Ndiyo maana mtu wa milimani akiona kitu chochote kinachokua chini ya ardhi anasubiri majani yafe. Kwa kiazi yuko sahihi. Kwa kitunguu saumu anasubiri kukizika. Babu hakuwahi kupanda kitunguu saumu maishani mwake, wala hakuwahi kumuuliza aliyepanda. Aliyepanda alikuwa migombani, na babu aliona kwamba mtu aliye migombani hana la kusema.

Mama aliniita jikoni, akachukua kitunguu maji kwa sababu cha saumu hakuwa nacho, akakimenya ganda moja moja mbele yangu. "Tazama. Kila jani la kijani unaloliona juu limeshuka mpaka chini, limekizunguka kitunguu, limekuwa nguo yake. Jani likikauka, nguo moja inaoza. Jani lingine likikauka, nguo nyingine. Yakikauka yote kitunguu kiko uchi, punje zinaachana, maji yanaingia. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa. Ukivuna mapema, majani yote mabichi, unakuta kitu cha duara hakijagawanyika punje, kimejaa maji. Ukichelewa, unakuta uchi. Siku yake iko katikati. Ya chini yanakauka kwanza. Wewe kila ukipeleka chai ya babu, pita kwenye tuta la katikati, chagua mche mmoja, hesabu yaliyo kijani tu. Nitakuuliza. Ukiona sita, niambie. Ukiona matano, uje mbio."

"Nikija mbio utafanya nini?"

"Wewe hesabu."

Na nilihesabu. Kwa muda nilihesabu vizuri sana. Tisa. Tisa. Manane. Nilijua kuhesabu na nilipenda kuonekana najua. Majani yalikuwa bapa na baridi asubuhi, na umande ulikaa pale yalipokunjika katikati. Mama akiniuliza nilijibu, naye alikuwa akichora mstari kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko.

Lakini ngoja nikuambie nilikuwa namwona mama namna gani, kwa maana kosa langu lilianzia hapo. Barazani kwa babu nilikaa kwenye kigoda, nikapewa nyama kutoka sahani yake, nikasikia mtu mzima akizungumza na wanaume wengine wakiitikia "kweli kabisa." Nikirudi nyuma nilimkuta mama. Babu akikohoa tu, mama alikuwa anaacha ndoo njiani na kuingia migombani kama kuku aliyeona mwewe. Hakuwahi kumjibu babu. Hakuwahi kumsahihisha. Kwa akili yangu ya darasa la tatu, darasani kwetu anayenyamaza ni yule asiyejua jibu. Nikahitimisha kwamba mama hajui. Polepole nikaanza kumdharau, dharau ya mtoto, ambayo haina kelele: unajibu bila kumtazama, unabeba kuni chache kidogo kuliko ulizoambiwa.

Siku moja nikiwa nimechuchumaa pale tutani, babu aliniona kidole kinavyotembea juu ya majani. Alikuwa na rafiki yake, mzee jirani tuliyemwita Babu Fundi, aliyewahi kutengeneza baiskeli.

"We! Unafanya nini hapo?"

"Nahesabu majani, babu."

"Unahesabu majani." Akamgeukia Fundi. "Anahesabu majani!"

Walicheka mpaka babu akashika mguu wake. "Nyapara huyo! Haya, nyapara, fitunguu fyote fimefika kasini leo?"

"Mwandike yule aliyeinama pale," Fundi akasema akifuta machozi. "Yule mgonjwa. Mpe ruhusa aende zahanati!"

"Nani amekutuma?"

Nikainuka, nikajipangusa magoti. Alijua.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Majani hayahesabiwi. Majani yanasubiriwa yafe. Cha ardhini hakiharakishwi." Akapandisha sauti. "Cha ardhini hakiharakishwi!"

Nimewahi kufundishwa na watu wengi tangu hapo, wengine wana vyeti, na nimegundua kwamba mtu asiyejua kitu ndiye mwepesi zaidi wa kukifupisha kiwe msemo. Lakini siku ile niliona aibu mpaka masikioni. Sikumwonea aibu babu, ambaye ndiye aliyekuwa anaongea upuuzi. Nilimwonea mama, aliyenituma kufanya kitu cha kuchekesha.

Jioni mama akauliza, "Mangapi leo?"

"Manane."

Sikuwa nimeangalia. Na kesho yake sikuangalia, nikasema manane. Nilichagua manane kwa sababu ndiyo hesabu ya mwisho niliyokuwa nayo na haikunidai kufikiri. Nilikuwa napeleka chai kwa njia ya upande wa pili, mbali na matuta, nikikaza shingo kama askari.

"Bado manane?"

"Ndiyo, mama."

"Baridi ya mwaka huu ni kali," alisema siku moja, akijieleza mwenyewe. "Pengine inayachelewesha." Akachora mstari wake mlangoni.

Hebu pima hapo. Mwanamke anayekijua kitunguu saumu tangu anatambaa, anatafuta sababu angani ili asije akamshuku mtoto wake. Nami nimesimama mbele yake naona anachora mistari ya mkaa, nikiwaza jinsi nitakavyomwigiza mbele ya babu nikifika barazani.

Wiki zikapita. Kisha ikaja mvua ya kushtukiza, mchana, dakika chache tu, na jua likarudi kali. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akainua kichwa. Upepo ulikuwa unatoka upande wa nyumba ya babu.

"Unasikia harufu?"

Nilisikia. Kitunguu saumu, kana kwamba kuna mtu anakitwanga.

"Kilichofungwa hakinuki," mama akasema. Hakuwa anasema nami. "Kikiwa ardhini kimevaa nguo zake hakinuki." Kisha akanigeukia. "Mangapi jana?"

"Manane."

 Akauweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na jembe la meno na gunia. Akajifunika kanga kichwani ikashuka mpaka kwenye nyusi. Kisha akatembea, wazi, mchana kweupe, katikati ya njia, kuelekea mbele ya nyumba ya mkwe wake.

Nikamkimbilia nyuma nikidhani amerukwa na akili.

Barazani walikuwa wawili, babu na Babu Fundi, chai mezani. Babu akainua macho, akamwona mama anakuja moja kwa moja. Na hapo niliona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: kwamba desturi ile ilimfunga na yeye. Hakuweza kumtazama. Hakuweza kumwambia "toka." Mama hakusimama, kwa hiyo wa kuondoka alikuwa babu. Alinyanyuka na mguu wake, akamwaga chai, akaikosa fimbo, akashika ukuta, akaingia ndani kinyumenyume na kufunga mlango. Yule mzee wa filimbi, aliyewafukuza watu mashambani miaka yote ile, alijifungia kama mwari.

Babu Fundi alibaki amekaa, kikombe hewani. "Ndaga," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemshukuru Mungu kwa kumfikisha siku hiyo.

Mama akaanza kuchimbua.

Sauti ikatoka dirishani. "Mjukuu! Mwambie huyo mtu aondoke hapo!"

"Mama, babu anasema uondoke."

"Mwambie babu yako sijamwona mtu yeyote hapa," mama akasema, akiinua udongo. "Na kama na yeye hajaniona, hakuna aliyekosa."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia! Mwambie majani hayajafa yote!"

"Mama, babu anasema majani hayaja..."

"Mwambie yamekufa mpaka wajukuu."

Babu Fundi akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Kazi ilichukua muda mrefu, kwa sababu kitunguu saumu haking'olewi kwa kuvutwa majani. Unachimba pembeni, unainua udongo, unakipokea kama yai. Mama hakuharakisha hata punje moja. Jua likasogea. Kisha dirishani tukasikia, kwa sauti ya chini kidogo kuliko ya mwanzo:

"Mjukuu. Mwambie... mwambie nataka kutoka. Nataka kwenda uani."

Choo kilikuwa ng'ambo ya matuta.

Nikamtazama mama. Aliendelea kuchimba. "Mwambie babu," akasema, "cha ardhini hakiharakishwi."

Nilimwambia. Ndilo neno la kwanza la mama nililolifikisha bila kulipunguza.

Alipomaliza, alibeba gunia nyuma ya migomba, akalimwaga kwenye mkeka, akaniita. Sikutaka kwenda. Nilikwenda. Vilikuwa vimefunguka, tuta baada ya tuta, punje zimetawanyika kama meno ya mzee, nyingine zimeanza kuchipua kijani, nyingine zimeingiwa na ukungu mweusi mvua ilipopita. Kwa chakula cha wiki moja vingefaa. Kwa mbegu, hapana. Punje iliyofunguka haifiki msimu wa kupanda. Inasinyaa au inaoza palepale ilipohifadhiwa, na hapo ilikuwa bado miezi. Akavipanga. Kulia vibovu. Katikati vya kupikia. Kushoto vizima. Kushoto vilikuwa kumi na kimoja, vyote vya mwisho wa tuta la juu, alikomalizia kupanda.

Kumi na kimoja, kutoka kwa bibi, na kwa mama yake bibi, na kwa wengine nisiowajua.

Akachukua mche mmoja kutoka kwenye vibovu, majani bado yameshikana nao, makavu, meupe kama karatasi. Akanipa.

"Nihesabie."

Nikatazama.

"Ya kijani. Nihesabie, kwa sauti."

"Hakuna."

Akanipa mwingine. "Hakuna." Na mwingine. Alinipa yote. Hakunipiga na hakupandisha sauti. Nilisema "hakuna" mpaka likakosa maana na mate yakaniisha.

"Babu ndiye aliyesema majani hayahesabiwi," nikasema mwishowe, nalia.

"Babu yako hajui."

Hakuna mtu aliyewahi kusema maneno hayo nyumbani kwetu. Nilinyamaza kulia kwa mshangao.

"Hajui," akarudia, taratibu tu, kama anavyonieleza kitu cha shule. "Mimi najua. Ulidhani ninamkimbia kwa sababu sijui? Mimi namwogopa mkwe wangu kwa sababu nilifundishwa adabu. Ujinga sikufundishwa. Wewe nani amekufundisha?"



Kuhusu babu, kuna machache ya kumalizia, nayo hayamsaidii. Jioni alitoka, akakaa palepale, akamwambia Babu Fundi aliyekuwepo na kuona yote: "Si niliwaambia fitafunwa wakati wake?" Akarudia kwa sauti kubwa. Maharage ya siku hiyo mama aliyaunga na vile vya katikati, vingi, kwa kuwa havingekaa. Babu alirudisha sahani tupu na kunituma niombe nyingine. Alisema cha kujipandia kina ladha. Niliwahi kumsikia, miaka mingi baadaye, akimweleza mgeni jinsi alivyoleta kilimo cha kitunguu saumu Lufingo. Nilikuwa mtu mzima tayari. Nilimpenda hata siku hiyo, na nilimdharau, na sijaona ugumu wa kufanya yote mawili.

Lakini dharau kubwa naiweka kwa yule mtoto wa njia ya upande wa pili, anayekaza shingo asione. Mzee hakujua. Mtoto alijua pa kutazama, akatumwa kutazama, na akaona ni hekima kutotazama.

Mama hakunituma tena kuhesabu. Baba alipokuja alimjengea tuta la mawe nyuma ya jiko, juu, migomba miwili ikakatwa jua lipite, na punje za vile kumi na kimoja zikapandwa pale. Mama alihesabu mwenyewe, asubuhi na jioni. Nilikuwa nasimama pembeni yake nikihesabu kimoyomoyo, nikingoja aseme yake kwanza, nione kama zinalingana. Ilichukua misimu miwili kabla hajaniuliza, bila kugeuka, "Wewe unaona mangapi?" Nilichuchumaa, nikagusa kila jani kwa kidole kabla ya kujibu.

Basi na wewe utaweza. Nimekwambia si gumu. Wiki mbili tatu kabla ya siku unayoikadiria, acha kumwagilia. Nenda mwenyewe bustanini, inama, hesabu majani ya kijani tu, na atakayekucheka mwache acheke, atachoka. Yakibaki matano au sita, chimbua kimoja na ukikate katikati. Kama bado ni nyama moja isiyogawanyika punje, subiri siku chache ujaribu kingine. Kama punje zimejaa na ganda bado limebana, chimbua vyote siku hiyohiyo, kabla ya mvua. Usivioshe. Vitandaze kivulini penye upepo mpaka shingo zikauke. Kisha, kabla hujamenya hata kimoja, chagua vilivyo vikubwa na vizima kuliko vyote, vifunge pamoja, vitundike pakavu, na usivile.